Juhudi haiondoi kudura, lakini kudura haimruhusu mtu kulala

KILA yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, sisi walimu wa dini huwa na maneno yetu tuliyoyazoea. Aliyefaulu tunamwambia kavuna alichopanda. Aliyefeli tunamwambia kwanza kwamba hakusoma, na akianza kulia tunamwambia kwamba hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu (s.w.). Maneno haya mawili tunayatoa kwa kinywa kimoja, wakati mwingine katika dakika moja, wala hatujiulizi kama yanaweza kukaa pamoja.

Mimi nililazimishwa kujiuliza na kijana mmoja wa Tandika.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutoa nasaha katika mahafali ya vijana wa kidato cha nne. Nilikuwa na hamasa na ukumbi ulijaa wazazi. Nikasema, tena kwa sauti ya juu, kwamba mtihani hauna mjomba; anayesoma hufaulu, na anayefeli amejichagulia mwenyewe kufeli. Watu wakaleta takbir. Kijana ninayemzungumzia alikuwa amekaa safu ya mbele, anaandika kila nililosema.

Nilimfahamu vizuri. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliuza vitumbua. Kijana aliamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama kuwasha moto, akaswali, akasoma mpaka jua lichomoze, kisha akaenda shule kwa miguu. Wiki ya mtihani mama yake akalazwa hospitali. Ikawa kijana anapika uji, anaupeleka wodini, anawapeleka wadogo zake wawili shule, halafu anakimbilia chumba cha mtihani. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata sifuri. Mwenzake mmoja, ambaye sote tulijua hana habari na vitabu lakini baba yake alimwekea walimu watatu wa twisheni, akapata daraja la pili.

Baada ya swala ya Isha nikamkuta amesimama kwenye viatu, ananisubiri. Akaniambia: "Ustadh, siku ile ulisema anayefeli amejichagulia. Mimi nilichagua lini?"

Nikakosa la kusema. Nikakimbilia lile neno la pili. Nikamwambia, "Kijana wangu, subiri, hiyo ni kadari ya Allah." Akaniangalia kwa adabu, akasema: "Sawa, Ustadh. Basi kama ni kadari, kule kusoma kulikuwa kwa ajili ya nini?"

Ndugu msomaji, makala haya ni jibu nililopaswa kumpa usiku ule.

Watu wa barazani

Swali la kijana yule ni la zamani sana. Nilipokuwa chuo kikuu nilisoma kozi moja ya falsafa, na humo nikakutana na kundi la wanafalsafa wa Kiyunani waitwao Wastoa. Mwasisi wao, Zeno, alizaliwa Citium katika kisiwa cha Cyprus, na alianza kufundisha mjini Athens yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Hakuwa na jengo la shule. Alifundishia katika ukumbi wa wazi wenye nguzo uliokuwa sokoni, na ukumbi wa namna hiyo kwa Kiyunani huitwa stoa. Ndiyo maana wanazuoni wa Kiarabu waliwaita Riwaqiyyun, watu wa riwaq. Sisi Waswahili tungewaita watu wa barazani.

Inasimuliwa kwamba Zeno alikuwa mfanyabiashara, akapata ajali ya chombo akiwa amebeba shehena ya rangi ya zambarau iliyokuwa na thamani kubwa. Alipofika Athens akaingia kwenye duka la vitabu, akasikia habari za Socrates zikisomwa, na maisha yake yakageuka. Aliyemrithi, Cleanthes, hakuwa na bahati hata ya kupata hasara, kwa sababu hakuwa na kitu. Alikuwa bondia aliyefika mjini na drakma nne. Usiku alichota maji na kumwagilia bustani za watu, mchana akasoma. Wenzake walimcheka wakimwita punda kwa sababu alikuwa mzito wa kuelewa. Lakini ndiye aliyekabidhiwa shule Zeno alipofariki.

Basi tazama: mmoja alifikishwa barazani na ajali asiyoipanga, mwingine kwa jasho lake. Shule iliyoanzishwa na watu wawili kama hawa ililazimika kufikiri juu ya juhudi na bahati.

Hivi leo wahamasishaji wanaozunguka kwenye kumbi za semina wanawataja sana Wastoa. Kuna msemo mmoja maarufu, kwamba bahati ni pale maandalizi yanapokutana na fursa, na husemwa kuwa ni wa Seneca, Mstoa wa Roma. Msemo huo haumo katika vitabu vyake vilivyotufikia. Na sababu ya kupendwa kwake ni nyepesi: unambembeleza aliyefanikiwa. Unamwambia kwamba hata bahati yake ni kazi ya mikono yake. Wastoa wenyewe hawakufundisha hivyo.

Hoja ya mvivu

Nianze na swali la pili la yule kijana, kwamba kama mambo yamekwishaandikwa, kuhangaika kuna faida gani?

Wayunani waliipa hoja hii jina. Waliiita hoja ya mvivu. Ilikwenda hivi: kama imekadiriwa upone maradhi haya, utapona, umwite tabibu au usimwite, na kama imekadiriwa usipone, hutapona, umwite au usimwite, basi kumwita tabibu ni kazi bure. Hoja hii waliielekezea Wastoa kwa sababu wao waliamini kwamba hakuna kinachotokea nje ya mpango wa ulimwengu. Kwao, kile ambacho watu hukiita bahati ni sababu ambayo akili ya mwanadamu haijaiona tu.

Aliyejibu ni Chrysippus, aliyeiongoza shule baada ya Cleanthes. Jibu lake limehifadhiwa na Mrumi aitwaye Cicero. Alisema kwamba mambo mengi hayakadiriwi peke yake, bali hukadiriwa pamoja na sababu zake. Huwezi kusema kwamba mtu amekadiriwa kushindana mieleka, awepo mpinzani asiwepo, maana mieleka bila mpinzani si mieleka. Vivyo hivyo, kama imekadiriwa mgonjwa apone kwa tiba, basi na kumwita tabibu kumekadiriwa. Sababu ni sehemu ya andiko lenyewe.

Muislamu anayesoma hapo lazima ashtuke, kwa sababu swali hili hili Masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.). Katika Hadith iliyomo katika Bukhari na Muslim, alipowaeleza kwamba makazi ya kila mtu yamekwishaandikwa, walimuuliza kama basi wategemee yaliyoandikwa na kuacha kutenda. Akawaamrisha watende, kwani kila mmoja hurahisishiwa lile aliloumbiwa. Hakuikanusha kadari, wala hakuwaruhusu walale.

Na ipo ile habari ya Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari kwamba kuna tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Allah kuielekea kadari ya Allah. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na jingine kavu. Akichunga upande huu atakuwa amechunga kwa kadari ya Allah, na akichunga ule ni hivyo hivyo. Lakini mchungaji mwenye akili hachungi penye ukavu akasingizia kadari.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kijana wa Tandika ni hili: kusoma kwako hakukuwa nje ya kadari. Kulikuwa ndani yake. Kadari si ukuta uliosimama mwisho wa njia. Kadari ni njia yote, na hatua zako zimo.

Mpiga mshale

Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu kijana alisoma na bado akafeli. Je, juhudi yake ilipotea?

Hapa Wastoa wana mfano mzuri wa mpiga mshale, ambao nao umesimuliwa na Cicero. Mpiga mshale huchagua upinde mzuri, huunyoosha mkono wake, hulenga kwa makini na kuachia kamba kwa wakati wake. Mpaka hapo kila kitu ni chake. Mshale ukishatoka, hauko tena mikononi mwake. Upepo unaweza kuvuma, windo linaweza kukimbia. Mpiga mshale hodari ni yule aliyefanya yote yaliyo katika uwezo wa mpiga mshale, hata kama mshale umekosa.

Epictetus, Mstoa aliyeishi baadaye chini ya utawala wa Warumi, aliifanya tofauti hii kuwa mlango wa mafundisho yake yote. Kuna yaliyo katika uwezo wetu, nayo ni rai zetu, nia zetu, tunachokitaka na tunachokikataa. Na kuna yasiyo katika uwezo wetu, kama mwili, mali, cheo na sifa mbele za watu. Haya hayakuwa maneno ya mtu aliyekaa kwenye zulia. Epictetus alikuwa mtumwa, tena kiwete. Alipoachwa huru akafundisha Roma, kisha mfalme Domitian akawafukuza wanafalsafa mjini, naye akahamia Nicopolis huko Ugiriki. Alijua vizuri mtu anavyoweza kunyang'anywa kila kitu.

Sasa tuyapime haya kwa mizani yetu. Katika Surat Najm tunafundishwa kwamba mtu hana ila kile alichokihangaikia, na kwamba huko kuhangaika kwake kutaonekana, kisha atalipwa malipo kamili. Aya hii tunaisoma sana kwenye mahafali, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakiisoma vibaya. Nilikuwa nikiitumia kana kwamba inaahidi matokeo ya dunia, kwamba ukihangaika utapata. Lakini kinachotajwa kuonekana pale ni ile sa'yi, yaani mahangaiko yenyewe. Mja ataulizwa alifanya nini na alichopewa. Hataulizwa kwa nini upepo ulivuma.

Na Hadith iliyomo katika Sahih Muslim inapanga mambo kwa utaratibu wa kupendeza: muumini apupie linalomfaa, aombe msaada wa Allah, wala asilegee, na likimsibu jambo, asikae akisema laiti ningefanya hivi au vile, bali aseme kwamba Allah amekadiria. Angalia mpangilio huo. Kadari imetajwa baada ya juhudi, na baada ya msiba. Haikutajwa kabla ili mtu apate kisingizio. Sisi tunaigeuza: mvivu huitaja kadari kabla ya kazi, na mwenye hukumu huisahau baada ya msiba wa mwenzake.

Mjomba wangu

Nilisema kwenye mahafali kwamba mtihani hauna mjomba. Wallahi, wangu ulikuwa naye.

Nilizaliwa kijijini mkoani Tanga. Darasani nilikaa dawati moja na mwenzangu ambaye kwa miaka saba sikuwahi kumshinda hisabati hata mara moja. Alikuwa anasoma kunizidi na anafanya kazi za shamba kunizidi. Tulipomaliza darasa la saba, mjomba wangu aliyekuwa na duka Dar es Salaam akanichukua, akanilipia ada ya sekondari, akaninunulia vitabu na kunipa chumba chenye umeme. Yule mwenzangu hakuwa na mjomba mwenye duka. Mpaka leo analima mahindi pale pale, na nikienda kijijini ananipokea kwa furaha na kuniita msomi.

Sikuwa mvivu. Nilikesha, nilisoma, nilihangaika. Lakini kama juhudi peke yake ndiyo ingekuwa mizani, yeye ndiye angekuwa anaandika safu hii na mimi ningekuwa nalima. Wahenga wetu walilijua hili waliposema kwamba kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga.

Anayeisahau sehemu hii ya hesabu amekaa jirani na Qarun. Surat Qasas inatusimulia kwamba Qarun aliponasihiwa juu ya mali yake, alidai kwamba amepewa kwa sababu ya elimu aliyo nayo. Inawezekana kabisa kwamba elimu alikuwa nayo. Kosa lake lilikuwa kuiona elimu yake na kutomuona Aliyempa. Na kwa kutomuona, akawa hana sababu ya kumtoa chochote yule asiyepewa. Ukiamini kwamba ulicho nacho chote umekitengeneza mwenyewe, utaamini vilevile kwamba asiye nacho amejinyima mwenyewe. Kiburi kwa uliye nacho na dharau kwa asiyekuwa nacho ni mapacha.

Tulipotofautiana nao

Nisieleweke vibaya. Siwaiti Waislamu wawe Wastoa. Kwao Mungu ni akili iliyoenea ndani ya ulimwengu na si Muumba aliye mbali na viumbe vyake, wa kuombwa akajibu. Hiyo si tauhidi yetu.

Lakini pia kuna jambo jingine linalonikera kwao. Walifundisha kwamba afya, mali na mafanikio si kheri kwa dhati yake. Ni mambo ambayo mtu huchagua kuwa nayo akiweza, lakini yakikosekana hayamgusi mwenye hekima. Nilipojaribu kuliona hili kwa jicho la yule kijana, nikashindwa. Nimwambie kwamba sifuri yake haina uzito? Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Sisi hatukuamrishwa tusiumie. Tumeamrishwa tusikufuru katika maumivu.

Aidha, kuna hatari katika falsafa hii inaposhikwa na aliyeshiba. Seneca aliandika vizuri kuhusu kudharau mali, na huku akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba hasimu wake mmoja alimshutumu hadharani kwa kujikusanyia sesta milioni 300 katika miaka minne ya urafiki na mfalme Nero. Ni rahisi kumwambia mwenye njaa kwamba uhuru wa kweli umo moyoni. Epictetus, aliyekuwa mtumwa, alifundisha namna ya kuwa huru moyoni ukiwa katika minyororo, lakini katika mafundisho yake yaliyotufikia hatumuoni akitaka minyororo ile ikatwe. Qur'an imeweka kukomboa shingo katika kafara na katika mafungu ya zaka. Kama sisi Waislamu wa mwambao tuliitekeleza amri hiyo ipasavyo, hilo ni suala jingine, na historia yetu inatusuta.

Hata hivyo, wanazuoni wetu wa zamani hawakuona aibu kuchukua kilicho kizuri. Al-Kindi, aliyefariki katika karne ya 9, aliandika risala juu ya namna ya kuondoa huzuni, na humo anatumia mfano wa abiria walioshuka chomboni kwa muda kisha wengine wakazama katika kuokota vitu vya nchi kavu hata nahodha alipoita wakashindwa kuviacha. Mfano wa namna hiyo umo katika mafundisho ya Epictetus. Hekima ni kitu kilichompotea muumini, akikiona hukichukua, kisha hukiosha.

Nini tufanye

Kwa wanafunzi nasema: lenga vizuri. Ajizi bado ni nyumba ya njaa, na hakuna lolote katika makala haya linalompa mtu ruhusa ya kufunga kitabu. Ndege wa Hadith mashuhuri, yule aliyepigiwa mfano wa tawakkul, hutoka asubuhi na tumbo tupu. Hakubaki kiotani.

Kwa wazazi na sisi walimu nasema: kabla ya kumhukumu aliyeanguka, tuulize upepo ulivumaje. Tuulize alilala wapi, alikula nini, nani alikuwa mgonjwa nyumbani. Na tukimsifu aliyefaulu, tusimsifu mpaka akaamini kwamba yeye ni mungu mdogo aliyejiumba.

Kwa wale tuliokuwa na mjomba, maneno ni machache zaidi. Ile sehemu ya mafanikio yetu ambayo hatukuihangaikia ni amana. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameeleza katika Kitabu chake kwamba katika mali za wacha Mungu mna haki ya mwenye kuomba na asiyekuwa nacho. Imeitwa haki, haikuitwa hisani. Kadari iliyomnyima yule kijana nafasi ndiyo iliyonipa mimi mshahara, na inawezekana kabisa kwamba aliandikiwa kufika kupitia mfuko wangu. Kama nikiufunga, nitaisingizia kadari vipi?

Tulikaa watu wanne baada ya Ijumaa moja, tukachanga, kijana akajiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Safari hii mama yake alikuwa mzima. Hakupata alama za kwenda kidato cha tano alizokuwa akizitamani. Alipata za kumwingiza chuo cha ufundi, na leo anafanya kazi ya umeme.

Mwaka uliofuata nilialikwa tena kwenye mahafali. Nilipofika penye yale maneno ya mjomba nikanyamaza kidogo, kwa sababu nilimuona amesimama nyuma ya ukumbi, amekuja kumsindikiza mdogo wake. Nikayaruka. Nikawaambia vijana wasome kwa bidii kama watu ambao kila kitu kimo mikononi mwao, na siku ya matokeo wawatazame wenzao kama watu wanaojua kwamba si kila kitu kilikuwa mikononi mwao.

Hakuna aliyeleta takbir. Lakini wakati wa kutoka, yule kijana alinisubiri tena kwenye viatu. Safari hii hakuwa na swali. Alinipa mkono tu.

Wabillahi tawfiq.